Akiba ya Neno Moyoni



Padre wetu ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya Jumapili ya pili ya Majilio, ambayo kwa desturi ya Waanglikana ni siku ya kuyakumbuka Maandiko Matakatifu. Sala ya siku hiyo imo katika Kitabu cha Sala tangu kile cha kwanza cha mwaka 1549, nayo inayafananisha Maandiko na chakula. Sote twajua kwamba chakula kilichopo mezani hakijamshibisha mtu bado, hata kiwe kizuri namna gani. Humshibisha kikiisha kuliwa. Basi nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu walilijua sana, na sisi tumeanza kuliacha: kulihifadhi Neno la Mungu moyoni, hata mtu aweze kulisema kwa ghibu, pasipo kitabu.

Sitaki mdhani kwamba naandika kama fundi wa jambo hili. Naandika kama mwanafunzi aliyeshindwa mtihani akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Niwasimulie.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu mkubwa aliugua mapafu akalazwa hospitali. Zamu ya kumuuguza usiku ilikuwa yangu. Usiku wa pili umeme ulikatika, wodi ikawa giza tupu, ila kwenye meza ya wauguzi kule mwisho palikuwa na tochi ndogo. Kaka hakuwa amelala. Akaniambia kwa sauti ya taabu, "Mdogo wangu, nisomee ile Zaburi ya mchungaji." Alitaka Zaburi ya 23. Nikaishika simu yangu, maana Biblia yangu siku hizi imo humo. Simu ilikuwa imekufa chaji tangu jioni. Kitabu chenyewe nilikiacha nyumbani mezani, kwa sababu niliona ni kizito kubeba.

Nikamwambia, "Nitakusomea kwa moyo, kaka." Nikaanza vizuri. Malisho nikayapita, maji ya utulivu nikayapita, nikafika penye bonde lile la giza, nikakwama. Nikarudi nyuma nikaanza upya, nikakwama pale pale. Nikachanganya na maneno ya Zaburi nyingine. Ndugu zangu, mimi nimekuwa msomaji wa masomo kanisani kwa muda wa miaka thelathini. Zaburi hiyo nimeisoma kwenye mazishi mara nisizoweza kuhesabu. Lakini nilikuwa nimeisoma kwa macho, nayo ilibaki kwenye karatasi. Nikanyamaza. Kaka hakunilaumu, alinishika mkono tu. Na jambo lililoniuma ni kwamba yeye naye alikuwa bondeni, na mimi nilikuwa nimemwacha pale pale.

Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa kitanda cha pili. Alikuwapo bibi mmoja mzee aliyekuwa akimuuguza mwanawe, amelala chini juu ya mkeka. Akalipokea neno pale nilipolidondosha. Akatuvusha bonde, akatuandalia meza, akatufikisha hata nyumbani mwa Bwana. Kisha bila kuombwa akaendelea na Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho milimani, polepole, kama mtu anayemwimbia mtoto. Wodi nzima ilitulia. Kaka yangu akasema, "Ahsante, mama," akapata usingizi.

Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," nikamwuliza alisoma shule gani. Akacheka. "Mimi, mwanangu, kusoma sijui. Hata hapa hospitali nimeweka dole gumba." Akanieleza kwamba maneno yale aliyapokea kwa mwalimu wa dini alipokuwa msichana, katika darasa la ubatizo, chini ya mwembe. Mwalimu alisema, wao wakaitikia, mpaka yakakaa. Kisha akajipigapiga kifuani akasema, "Sikuwa na pengine pa kuyaweka."

Kaka alifariki siku ya tatu yake. Nashukuru kwamba alikwenda akiwa ameisikia Zaburi yake. Lakini sikuwa mimi niliyempa.

Tangu siku ile nimelitafakari sana jambo hili, nami naona kwamba katika Maandiko yenyewe watu wa Mungu walipofikwa na giza, walilitumia Neno lililokuwa ndani yao, kwa sababu hapakuwa na jingine. Mtazameni Yona tumboni mwa samaki. Mle hamna taa wala hamna chuo cha kusoma. Lakini someni sala yake katika sura ya pili ya kitabu chake, mtaona imejaa maneno ya Zaburi, moja kutoka hapa na jingine kutoka pale. Mtazameni Bikira Maria nyumbani kwa Elisabeti. Wimbo wake, tunaouimba katika Sala za Jioni, umefuata nyayo za wimbo wa Hana katika 1 Samweli sura ya pili. Furaha ilipomjia, hakuanza kutafuta maneno, yalikuwamo. Watazameni Paulo na Sila gerezani Filipi, miguu imefungwa katika mkatale, usiku wa manane. Waliomba na kuimba, na Mtakatifu Luka anaongeza neno dogo ambalo mimi zamani nililipita haraka: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Neno lililo moyoni mwa mmoja ni chakula cha wodi nzima.

Lakini mfano mkuu ni Bwana wetu mwenyewe. Nyikani alikaa siku arobaini, na alipojaribiwa mara tatu, mara zote tatu alijibu kwa maneno ya kitabu cha Kumbukumbu la Torati, kutoka sura ya 6 na ya 8. Hakubeba gombo nyikani. Alikuwa amejifunza tangu utoto, kama watoto wengine wa Nazareti, nyumbani na katika sinagogi. Tena msalabani, pumzi ilipokuwa ikimwishia, maneno yaliyomtoka yalikuwa ya Zaburi ya 22, na mwisho ya Zaburi ya 31. Mtu akiwa katika maumivu makali hatungi maneno mapya, hutoa kilichokuwamo. Basi tujiulize: siku hiyo itakapotufikia sisi, kitatoka nini?

Sasa najua yapo maswali, nami kama mwalimu nimezoea kuyangoja.

Wa kwanza, naye labda ni kijana, atasema: Mwalimu, siku hizi Biblia imo simuni, nikibonyeza tu naupata mstari wowote. Ni kweli, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Babu zetu hawakuwa na neema hiyo. Biblia nzima kwa Kiswahili ilipatikana mwaka 1891, miaka arobaini na saba baada ya Krapf kufika Mombasa, na ile tuisomayo wengi wetu hata leo, ya Union Version, ilitoka mwaka 1952. Kabla ya hapo, na hata baadaye, Wakristo wengi wa nchi hizi waliishi kwa maneno waliyoyapokea kwa masikio. Lakini, kijana wangu, kuwa na kitu karibu si kuwa nacho ndani. Kisima kikiwa uani bado mtu aweza kufa kwa kiu asipoteka maji. Jaribu halikungoji ufungue simu. Hasira hupanda kwa kufumba na kufumbua. Rushwa hutolewa mezani mara moja, na jibu latakiwa pale pale. Mwandishi wa Zaburi ya 119, katika mstari wa 11, anaeleza kwa nini ameliweka neno la Mungu moyoni: asije akamkosea. Aliweka mlinzi ndani ya nyumba, maana mlinzi aliye nje ya kijiji hufika wizi umekwisha.

Wa pili atasema: Huku si kukariri kama kasuku? Hapa, ndugu zangu, yanipasa kuungama. Nimefundisha shule za msingi kwa muda wa miaka thelathini na sita, na vipindi vya dini nilivifundisha pia. Niliwapa watoto mistari, na aliyeshindwa kuisema siku ya pili nilimchapa. Nilidhani nawatengeneza. Mwaka jana nilipanda basi, na kondakta wake akanitambua, akanikatalia nauli kwa heshima, tukazungumza. Akasema, "Mwalimu, mistari mingi uliyotufundisha nimeisahau. Nikijaribu kuikumbuka, nakumbuka fimbo kwanza." Kisha akasema upo mmoja alioushika, ule wa mzigo mzito na kupumzika, katika Mathayo sura ya 11, kwa sababu siku ile nilikuwa nimewasimulia habari za nira na ng'ombe wawili wanaolima pamoja, mwenye nguvu akimsaidia mnyonge. Alisema mstari huo humjia akiwa safarini usiku. Nilishuka basi nikiwa nimefundishwa na mwanafunzi wangu. Neno lililopigiliwa kwa fimbo huondoka na maumivu, bali neno lililofahamika na kupendwa hukaa.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kukariri ni kazi ya ulimi. Kuhifadhi ni kukipokea kitu na kukitunza, kama mtu anavyotunza mbegu ya msimu ujao. Zaburi ya kwanza yamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Wataalamu wa Kiebrania hutueleza kwamba neno lile linalotafsiriwa kutafakari ni kunong'ona, kusema kwa sauti ya chini. Ndilo neno lile lile Isaya analotumia kwa mngurumo wa simba juu ya windo lake, na kwa mlio wa njiwa. Mtu wa Zaburi ya kwanza hakukaa kimya akifikiri tu. Alikuwa akiyarudia maneno mdomoni polepole, kama ng'ombe acheuapo jioni. Ng'ombe hula mchana kwa haraka, lakini nguvu yake huipata anapocheua. Nasi kila Jumapili twalishwa masomo yetu na Zaburi, tukafika nyumbani tukaongea mambo mengine. Siku ya Jumatatu tukiulizwa Injili ilihusu nini, twatazamana.

Tena iko hatari kubwa kuliko ya kasuku. Ibilisi naye anayajua Maandiko kwa ghibu. Pale nyikani alimtajia Bwana Zaburi ya 91, mistari ya 11 na 12, habari ya malaika wamlindao mtu asijikwae. Lakini angalieni alipokomea. Mstari unaofuata, wa 13, wasema habari ya simba na nyoka kukanyagwa chini ya miguu. Huo hakuutaja, nasi twajua ni kwa nini. Basi jihadharini na mistari iliyokatwa vipande ili impendeze asemaye. Leo tunaisoma nyuma ya bajaji na juu ya kalenda, ya baraka na ushindi peke yake. Anayelijua fungu zima hadanganyiki upesi kwa kipande. Kwa sababu hiyo nashauri tushike Zaburi nzima na mafungu kamili, kuliko kuokota mstari mmoja mmoja.

Wa tatu ni mzee mwenzangu. Yeye asema: Kichwa changu kimechoka, samaki hukunjwa angali mbichi. Mzee mwenzangu, methali hiyo ni ya kweli, lakini isitufanye wavivu. Tazama ni mambo mangapi unayajua tayari: Sala ya Bwana, Kanuni ya Imani, Amri Kumi, Wimbo wa Simeoni, na majibu yote ya Misa. Nani alikuketisha ukayashika? Uliyarudia tu pamoja na wengine, Jumapili kwa Jumapili, hata yakaingia bila hodi. Njia ni hiyo hiyo. Mimi nilianza mwezi ule ule baada ya matanga ya kaka. Nilichukua wiki sita kuishika Zaburi ya 23, ambayo mtoto wa darasa la nne angeimaliza kwa wiki moja. Mke wangu hunisikiliza asubuhi akikoroga uji. Nikikosea, hugonga sufuria kwa mwiko.

Basi niwape njia, maana mwalimu asiyetoa zoezi hajafundisha.

Kwanza, chagua tafsiri moja ushikamane nayo. Ukichanganya ya zamani na ya sasa, ulimi utateleza.

Pili, fahamu kabla ya kushika. Soma fungu zima, uliza lisemwa na nani, kwa nani, kwa sababu gani. Pasipo wazi, mwulize Padre au mwinjilisti wako.

Tatu, soma kwa sauti, kisha andika kwa mkono wako katika daftari. Sikio, mkono na jicho vikishirikiana, kichwa hakielemewi.

Nne, rudia mara kwa mara, na hasa siku za kwanza. Chuoni tulifundishwa habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 matokeo ya uchunguzi wake juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Aliona kwamba jambo jipya huponyoka kwa haraka sana mwanzoni, kisha mwendo wa kusahau hupungua. Basi lilirudie jioni ile ile, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Anayesoma mara ishirini siku moja kisha akaacha, anachota maji kwa pakacha.

Tano, lifunge kwenye kazi ya kila siku. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 yataja nyakati nne: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hizo zote si saa za kusoma kitabu. Mama achotaye maji, baba aendaye shambani, kijana angojaye abiria, wote wana saa hizo. Lakini tuangalie mpango wa fungu hilo. Maneno yanawekwa kwanza moyoni mwa mzazi, halafu yanafundishwa kwa mtoto, na mwisho kabisa ndipo yaandikwe kwenye miimo ya mlango. Sisi tumeanzia mlangoni, na wengi wetu tumeishia hapo.

Sita, mtafute mwenzako wa kukusikiliza.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mwaka una wiki 52. Ukishika mstari mmoja tu kwa wiki, utaweza kuimaliza Zaburi ya 23 yenye mistari 6, Zaburi ya 121 yenye mistari 8, Zaburi ya 130 yenye mistari 8, heri za Bwana katika Mathayo 5 kuanzia mstari wa 3 hata wa 12, ambayo ni mistari 10, na sura ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza yenye mistari 13. Jumla ni mistari 45. Zimebaki wiki saba za kurudia. Katika mwaka mmoja, bila haraka, utakuwa na neno la njiani, neno la toba, neno la furaha, neno la upendo na neno la kufa nalo. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi, nawasihi. Watoto wa jirani zetu Waislamu twawasikia kila jioni wakisoma chuoni, na wapo wanaoihifadhi Kurani nzima. Hatuwaonei wivu, bali tujiulize watoto wetu wanahifadhi nini. Nyimbo za redioni wanazijua zote, kwa hiyo kichwa wanacho. Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na Mtakatifu Paulo awataja kwa majina walioitunza imani nyumbani mwao: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nimemwomba Padre, naye amekubali, kwamba katika Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa, tuketi pale chini ya mti sisi wazee pamoja na watoto, tusikilizane. Haitakuwapo fimbo. Naahidi hilo. Wala hakutakuwa na zawadi, maana Neno lenyewe ndilo zawadi.

Nimalizie kwa bibi yule. Mwezi uliofuata nilirudi hospitali kumtafuta ili nimshukuru. Mwanawe alikuwa amepona na wamekwenda zao, wala sikujua kijiji chao. Sikuwa na namna ya kumlipa. Ndipo nikaona kwamba deni hili linalipwa kwa namna moja tu: siku moja, katika wodi fulani, taa zitazimika tena, na mtu atasema, "Nisomee," na jirani yake atakwama. Mungu anijalie niwe karibu, na safari hii niwe nayo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempa Mwanao kulishika Neno lako nyikani na msalabani, utupe nasi kulipenda, kulifahamu na kulitunza. Ili macho yetu yatakapofifia na vitabu vyetu vitakapofungwa, lisitoke ndani yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu, na mwanafunzi mwenzenu.